Zamu Yangu ya Kulibomoa Kanisa la Mtakatifu Foka

Mtaa wa Wafuma Nyavu,
Brăila.

Mhashamu Baba Askofu,

Nakusalimu kwa heshima zote, na uniwie radhi kwa mwandiko. Miwani yangu imebaki na kioo kimoja.

Mimi ni Smaranda Cojanu, mjane wa miaka sabini na mmoja, muuza mishumaa wa Kanisa la Mtakatifu Foka. Namlalamikia Padre Valeriu, anayetaka kulibomoa kanisa letu kwa tingatinga ili ajenge jipya lenye kuba la dhahabu. Kubomoa sikatai. Ninachouliza ni hiki: tangu lini kanisa hili likabomolewa na mtu asiye wa ukoo wetu?

1. La kwanza lilikuwa la matete, kazi ya mabaharia wa mto Danubi. Mbuzi wa mama yake bibi yangu aliula ukuta wa kaskazini katikati ya Kwaresima, waumini wenyewe wakiwa wamefunga.

2. La pili lilikuwa la mbao. Bibi yangu Safta alisahau mshumaa karibu na pazia. Wote walitoka salama.

3. La tatu, la matofali. Baba yangu Anghel alileta kengele ya meli iliyozama, nzito kuliko mnara wenyewe. Alikatazwa kuipiga. Siku ya Pasaka akaipiga, mara moja tu. Mnara ukashuka wote, naye akabaki na kamba mkononi, akawauliza watu, "Lakini si mmesikia inavyolia vizuri?"

4. La nne ndilo hili la mawe, lenye nyufa. Humu niliolewa, humu nikamuaga mume wangu Pandele. Kwa haki yoyote ile, zamu ni yangu. Nilipomweleza Padre, alinijibu kwamba tingatinga limeshaagizwa. Tingatinga, Mhashamu! Hata kubatizwa halijabatizwa.

5. Kwa hiyo naomba lirudishwe lilikotoka, nami nikabidhiwe kazi kwa barua yenye muhuri. Hilo jipya nalo, zamu ya kulibomoa aandikiwe mapema binti yangu Ilinca. Ana mikono mizito, ataliweza.

Wasalimie mashemasi wote, mpishi wako, na yule karani anayenirudishia barua zangu.

Mtiifu wako katika imani,
Smaranda Cojanu

N.B. Kabla sijaituma, Padre alichoka nami, akanipa nyundo. "Haya, mama, anza wewe." Nilisimama mbele ya ukuta asubuhi nzima, mkono ukakataa kuinuka. Nikakaa kizingitini, nikalia. Akaja kukaa kando yangu. Kumbe naye alibatizwa humo humo. Tingatinga amelikataa. Sasa tunaziba nyufa: yeye anakoroga, mimi napaka. Barua hii usiijibu. Tuletee saruji.