Makabidhiano ya Wasikilizaji Mia Tatu na Kumi na Wawili

Kwa furaha isiyo na kifani, Jumatatu asubuhi, mara tu baada ya taarifa ya habari, umma ulitangaziwa kwamba umeuzwa.

Tangazo lenyewe halikusema hivyo waziwazi, maana liliandikwa na watu waliosoma. Lilisema kwamba Redio ya Umma, baada ya kuutumikia umma kwa miaka arobaini bila kushukuriwa ipasavyo, inahamishiwa kwa Mwekezaji "pamoja na mitambo yake, mnara wake, samani zake na wasikilizaji wake wote waliosajiliwa." Kuanzia Jumamosi, liliendelea tangazo, vipindi vyote vitaboreshwa kwa kuondolewa. Mahali pake patakuwa na matangazo ya biashara kwa saa ishirini na tatu kila siku, na saa moja ya mapumziko ambamo wasikilizaji wataambiwa ni matangazo gani yanafuata.

Maneno yale kuhusu wasikilizaji yalikuwa kazi ya Afisa Makabidhiano, na aliyaonea fahari. Mkurugenzi Mkuu alikuwa amempa siku mbili za kuandika mkataba. Afisa hakuwahi kuona mkataba wa kuuza redio maishani mwake, lakini kabatini kwake mlikuwa na mkataba wa kuuza shamba la kuku la serikali, tena wenye mihuri mizuri. Akaunakili. Palipoandikwa "banda" akaandika "studio", palipoandikwa "kuku" akaandika "wasikilizaji", na palipotajwa pumba akapiga mstari. Kifungu cha tisa akakiacha kama kilivyokuwa: mali yote iliyo hai ihesabiwe mbele ya mnunuzi, moja moja, ikiwa imesimama kwa miguu yake, na hali yake iandikwe.

Mkurugenzi Mkuu alisaini bila kusoma, kama inavyompasa mtu wa ngazi yake.

"Ijumaa saa sita mchana Mwekezaji akishasaini na yeye," alisema, "wewe ni Naibu Mkurugenzi."

Kwa miaka kumi na mitatu Afisa alikuwa amekalia kiti kisicho na mikono. Kiti cha Naibu kina mikono miwili, na kinazunguka. Alitoka mle ofisini akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Shida ilikuwa nyumbani. Afisa aliishi na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni na kumsomesha kwa kushona nguo za watu. Tangu goti la Shangazi lilipogoma, hakuwa mtu wa kutoka. Marafiki zake wote walikuwa redioni, katika Salamu za Asubuhi, kipindi ambacho msikilizaji hujaza kadi, hujipa jina la utani, na mtangazaji husoma nani anamsalimu nani. Shangazi aliitwa Chai Haijapoa. Kila siku aliwasalimu Pancha Kwisha, Chaki Haiishi na Mfalme wa Pasi, nao kila siku walimrudishia, na hakuna kati yao aliyewahi kuuona uso wa mwenzake. Hao wenye kadi, mia tatu na kumi na wawili kwa jumla, ndio mkataba uliowaita wasikilizaji waliosajiliwa.

"Nasikia nimeuzwa," Shangazi alisema Afisa aliporudi kutoka kazini, akimwekea kikombe mezani kwa kishindo.

"Si kuuzwa, Shangazi. Ni kuhamishwa umiliki."

"Na huyo aliyeninunua, ananijua?"

"Ana orodha."

"Na Salamu za Asubuhi?"

"Zimeboreshwa."

"Yaani zimeondolewa."

"Ndiyo kuboreshwa kwenyewe, Shangazi."

Shangazi akaliangalia goti lake, akaiangalia redio juu ya kabati la vyombo, kisha akamwangalia yule mtoto aliyemlea. Afisa aliona aibu iliyomshika hadi masikioni. Kwa kuwa hakuwa na fomu ya aibu, aliiandika moyoni kama uchovu wa kazi.

"Basi sawa," Shangazi akasema mwishowe. "Nitakabidhiwa kama wenzangu. Nivae nini?"

Barua zilitumwa Jumanne kwa anwani zilizoandikwa nyuma ya kadi. Kila msikilizaji aliagizwa kufika Ijumaa saa tatu asubuhi katika uwanja wa kituo, akiwa hai, msafi, na bila mzigo. Mkurugenzi Mkuu alitarajia vurugu. Aliandaa hotuba ya kutuliza ghasia yenye kurasa saba, akaagiza na kipaza sauti kikubwa.

Ijumaa ilipofika hakukuwa na ghasia. Watu walikuja wamependeza. Walikuja wengine na mikongojo, wengine na wajukuu wa kuwashika mkono, mmoja na suti aliyokuwa ameihifadhi kwa ajili ya kuzikwa nayo. Getini kila mmoja alibandikwa kifuani karatasi yenye namba ya mali na jina lake la utani, na hapo ndipo utaratibu ulipoharibika, kwa sababu watu walianza kusomana vifua.

"Wewe ndiye Pancha Kwisha?" Shangazi aliuliza.

"Ndiye mimi, fundi baiskeli. Na wewe mama..." Mzee mmoja mwembamba aliinama kuisoma karatasi, kisha akavua kofia. "Chai Haijapoa! Miaka tisa unaniuliza habari ya mgongo wangu, mama, na sijawahi kukujibu kwa mdomo. Umepona!"

"Mungu mkubwa! Na Mfalme wa Pasi yuko wapi?"

"Yule pale, dobi. Tazama suruali yake ilivyonyooka, utamkosaje?"

Uwanja mzima ukawa vicheko na kukumbatiana. Chaki Haiishi, mwalimu mstaafu, alipanga watu mistari kwa mazoea yake ya zamani, lakini hakuna aliyekaa mstarini. Mkurugenzi Mkuu alisimama kwenye ngazi na kurasa zake saba, akakosa wa kumtuliza. Kando yake aliketi Mwekezaji, mtu wa miwani myeusi na maneno machache, pamoja na mwanasheria wake, mama mmoja mkavu mwenye kalamu mbili.

Uhesabuji ukaanza. Mwanasheria alipita akikagua, na Afisa akimfuata na daftari.

"Namba arobaini na saba," alisema Mwanasheria mbele ya Shangazi. "Goti bovu. Andika chakavu."

"Chakavu nani?" akauliza Shangazi.

"Ni lugha ya kitaalamu, mama. Kuna mpya, kuna wastani, kuna chakavu."

"Haya, na mimi nikukague. Hebu geuka, mwanangu." Mwanasheria, bila kujua kwa nini, akageuka. "Wewe mwenyewe ni wastani, na hapo nimekuhurumia."

Watu wakaangua kicheko, na Pancha Kwisha akashika mgongo wake uliopona. Afisa aliinamia daftari na, kinyume na mwongozo, akaandika "nzuri sana", daraja ambalo halikuwepo.

Ilipofika saa tano na nusu hesabu ilikamilika, na ilikamilika vibaya. Walikuwa mia tatu na kumi na mmoja.

"Mteja wangu amenunua mia tatu na kumi na wawili," alisema Mwanasheria. "Pungufu hasaini."

"Mmoja tu!" Mkurugenzi Mkuu aliruka. "Atakuwa amekufa!"

"Basi kiletwe cheti chake cha kifo."

Mkurugenzi Mkuu akamgeukia Afisa kwa jicho la kumla mzima. "Umebakiwa na nusu saa. Mtafute huyo mtu, ama hata hicho kiti chako cha sasa utakisahau."

Afisa alipanda mbio hadi masjala, akarudi na sanduku la kadi. Aliyekosekana aliitwa Mzalendo Mnyenyekevu. Nyuma ya kadi zake hapakuwa na anwani, ndiyo maana barua haikumfikia.

"Huyo!" Shangazi akabetua midomo. "Miaka minne yupo kipindini na hajawahi kumsalimu hata mmoja wetu. Soma usikie."

Afisa akasoma. "Mzalendo Mnyenyekevu anamsalimu Mkurugenzi Mkuu wa redio hii kwa uongozi wake uliotukuka. Anamsalimu pia mke wa Mkurugenzi Mkuu, dereva wa Mkurugenzi Mkuu, na wote wanaompenda Mkurugenzi Mkuu popote walipo."

Kadi ya pili ilikuwa vilevile, ila dereva alikuwa ameachwa. Zote ziliandikwa kwa wino wa kijani. Afisa aliutambua wino ule. Kwa mujibu wa waraka wa ndani, wino wa kijani hutumiwa na mtu mmoja tu jengo zima, na mtu huyo alikuwa amesimama kwenye ngazi akitazama saa yake.

Afisa hakuwa mjinga, ingawa alikuwa amejitahidi kwa miaka mingi. Alijua kifungu cha kumi na moja, maana alikinakili kwa mkono wake: mali iliyomo katika orodha haina mamlaka juu ya mauzo. Kwa kuku kifungu hicho kilikuwa cha kupita tu. Akinyamaza, hesabu itabaki pungufu leo, lakini kesho watatafuta cheti cha marehemu yeyote cha kuziba pengo, na kiti chenye mikono kitakuja tu. Akisema, hakuna kiti. Akamwangalia Shangazi. Alikuwa ameketi katikati ya dobi na fundi baiskeli, mguu wenye goti bovu umenyooshwa juu ya benchi la serikali, akicheka hadi machozi. Afisa hakukumbuka mara ya mwisho kumwona akicheka hivyo, na jambo hilo lilimuuma sana.

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alifanya jambo bila kuandikiwa barua. Alipanda ngazi, akamsogelea Mkurugenzi Mkuu, akamnong'oneza kwa adabu zote.

"Mheshimiwa, Mzalendo Mnyenyekevu amepatikana."

"Vizuri sana! Yuko wapi?"

Afisa akamwonyesha kadi. Mkurugenzi Mkuu alisawijika, kisha akatazama saa. Zilibaki dakika sita. Akamtazama Mwekezaji, ambaye alikuwa anavaa koti. Ikamjia akilini kwamba aibu hupita, lakini wawekezaji wenye haraka hawarudi.

"Ni mimi!" akatangaza kwenye kipaza sauti kikubwa. "Mimi ndiye msikilizaji wa mia tatu na kumi na mbili! Bandika upesi, tusaini!"

Uwanja ukapiga makofi kwa moyo mweupe. Afisa akambandika karatasi kwenye suti, akaipigapiga ishike, akaandika daftarini: hali, wastani.

"Idadi imetimia," akasema Mwanasheria, akafungua mkataba. "Hapa kwa muuzaji, nani amesaini?"

"Mimi."

"Wewe ambaye ni mali namba mia tatu na kumi na mbili?"

"Ndiyo. Yaani, hapana. Ndiyo, lakini hiyo ni jioni, nyumbani, kama mtu binafsi!"

Mwanasheria akageuza kurasa hadi kifungu cha kumi na moja, akakisoma mara mbili, akafunika kalamu zake zote mbili. "Mali haisaini," akasema. "Kama muuzaji ni mali, hakuna aliyeuza. Na kama hakuna aliyeuza, mteja wangu hajanunua kitu."

Mwekezaji akasema neno lake la kwanza na la mwisho siku ile, ambalo lilikuwa "Twende." Gari lake lilipotoka, Shangazi alilipungia mkono kwa kuwa alilelewa vizuri.

Mkurugenzi Mkuu hakutaka kubaki pale kutazamwa. Aliweka mkoba kwapani, akaelekea getini kwa hatua kubwa. Mlinzi akamzuia kwa rungu, taratibu kabisa.

"Shikamoo mzee. Hati ya kutolea mali?"

"Hati gani? Hunijui mimi?"

"Nakujua, mzee. Umeandikwa kifuani."

"Na hawa wengine wanaotoka?"

"Hawa wana barua za kuitwa. Waliingia nazo, wanatoka nazo. Ya kwako iko wapi?"

"Sina! Na hiyo hati inasainiwa na nani?"

"Na Mkurugenzi Mkuu, mzee."

"Mimi ndiye Mkurugenzi Mkuu!"

Mlinzi akamtazama kwa huruma. "Mali haisaini, mzee. Si wameshatangaza hapo?"

Mkurugenzi Mkuu alipiga kelele, akabembeleza, akataja majina ya wakubwa. Mlinzi alimsikiliza yote kwa heshima, rungu likiwa palepale. Ilipofika saa nane mchana, Mkurugenzi Mkuu alinywea, akajivuta hadi kwenye benchi la serikali, ambako wasikilizaji kama arobaini walikuwa wamegoma kwenda nyumbani kwa sababu mazungumzo yalikuwa hayajaisha. Studioni juu, mtangazaji, kwa kukosa wa kumkataza, alikuwa anarusha Salamu za Asubuhi kwa mara ya pili siku hiyo hiyo.

Shangazi alimsogezea nafasi. Akatoa kadi mpya kwenye mkoba wake, akampa.

"Jaza, baba," akamwambia. "Hapa watu hupatana kwa kusalimiana."

Mkurugenzi Mkuu aliipokea kadi, akatoa kalamu yake ya kijani, akaandika, na Afisa akaipandisha studioni mwenyewe. Haikupita robo saa, sauti ya mtangazaji ikasikika kwenye redio ndogo ya kibanda cha mlinzi.

"Mzalendo Mnyenyekevu, akiwa uwanjani, anamsalimu kwa heshima kubwa mlinzi wa getini. Anamsalimu pia mke wa mlinzi, watoto wote wa mlinzi, na wote wanaompenda mlinzi popote walipo. Ujumbe: kazi yako tunaiona."

Uwanja mzima ukageuka kumtazama mlinzi. Mlinzi akapunguza sauti ya redio, akajinyoosha koti, akampungia Mkurugenzi Mkuu mkono kwa bashasha.

"Salamu zimefika, mzee," akasema. "Hati bado."