Kiongozi wa Njia ya Mama Ngurumo

Jumatatu, 3 Agosti

Leo naanza kuandika. Watu wakubwa huandika safari zao, na mimi ni mkubwa. Penseli inanitoa jasho kuliko jembe, lakini inatii.

Jambo lenyewe ni hili. Marehemu dada yangu, mkunga, ndiye mwanamke wa kwanza kuvuka milima kwa pikipiki mpaka zahanati ya ng'ambo. Walimwita Mama Ngurumo, maana alisikika kabla hajaonekana. Sasa zahanati inamchora ukutani. Binti yake, mpwa wangu, fundi pikipiki, ameifufua pikipiki ileile ya mama yake, na anataka kupita njia ileile ya zamani. Lami hataki kuisikia.

Na siku ile dada alikuwa na nani? Na mimi! Basi lazima nichorwe. Nyuma yake, kifua mbele.

Shemeji, mume wa marehemu, fundi saa mstaafu, kaguna. Eti mkewe hakuwahi kumwambia kwamba alifika na mtu. Nikamjibu kwamba mambo ya ndugu wa damu hayaelezwi kila mtu. Karudi kupangusa miwani. Nimemshinda.

Jumanne, 4 Agosti

Mpwa kaniuliza njia inaanzia wapi. Nikafumba macho, nikanyoosha mkono. Akasema, Mjomba, huko ni chooni.

Si kosa langu! Siku ile kati yangu na dada lilifungwa dumu la petroli. Mimi niliegemea dumu, uso nyuma, kuangalia kama kuna mzigo unaodondoka. Kazi nyeti. Kwa hiyo njia yote naijua, ila naijua ikiwa imeshapita. Nikatangaza: nitaongoza nikiwa nimekaa vilevile, uso nyuma.

Mpwa kacheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Kisha akakubali. Mtoto ana heshima.

Jumatano, 5 Agosti

Mazoezi uani. Nimekaa vizuri sana, ila mama watoto kaniambia nimefanana na kuku anayepelekwa sokoni. Wivu. Yeye hajawahi kuvuka hata mtaro kwa pikipiki.

Mpwa kaleta mkanda anifunge. Nikakataa katakata. Mkanda ni wa mizigo.

Alhamisi, 6 Agosti

Safari! Mtaa mzima ulitoka. Nikawapungia mkono mpaka walipoisha. Faida ya kukaa uso nyuma: unaagwa kwa muda mrefu.

Mambo yakaanza njia panda ya kwanza. Nikapiga kelele: hapo, hapo ndipo tulipopaswa kukunja! Tulikuwa tumeshapita. Tukarudi. Ya pili, vilevile. Ya tatu, tukaingia katika shamba la mahindi la mtu, na mwenye shamba akatuuliza kama tumekuja kupalilia.

Na shemeji anatufuata na gari lake bovu lenye mahema. Yeye uso mbele, mimi uso nyuma. Siku nzima tumetazamana kama wachumba. Alikuwa anatafuna karanga makusudi.

Jioni akasema turudi tufuate lami, la sivyo tutafika baada ya mchoraji wa ule ukuta kuondoka. Mpwa kainama, anatazama tairi. Nilimwona machoni. Anaitaka njia ya mama yake kuliko mimi ninavyoutaka ukuta. Karibu sawa.

Ijumaa, 7 Agosti

Mpwa kabuni mbinu mpya. Kila njia panda anaingia kidogo, anasimama, ananiuliza: Mjomba, huko nyuma unapakumbuka? Nisipopakumbuka, anajaribu upande wa pili. Nikamwambia mpango huo nilikuwa nao tangu Jumatatu.

Ukafanya kazi! Nimelikumbuka jabali lililopasuka. Nimeukumbuka mteremko wenye mawe mekundu. Mpwa kaniambia, Mjomba, una kichwa cha peke yako. Shemeji kanipa karanga. Za kuungua, lakini kanipa.

Jumamosi, 8 Agosti

Tumefika! Kabla ya mchoraji kukunja vifaa. Mpwa kaiegesha pikipiki chini ya picha ya mama yake, akavua helmeti, akalia kidogo, akacheka. Hata shemeji alipangusa miwani mara nyingi kuliko vumbi lilivyohitaji.

Halafu muuguzi mzee akaharibu mambo. Kasimulia mbele ya watu kwamba Mama Ngurumo alifika siku ile, akashuka, akafungua kamba za dumu, akageuka, akauliza: jamani, ndugu yangu yuko wapi? Watu wakaenda kumtafuta. Wakamkuta bondeni, ameketi juu ya jiwe, anajidai anapumzika.

Kicheko! Shemeji alishika ukuta asianguke. Nikawaeleza wazi: nilishuka kwa hiari, kulinda nyuma.

Nikatazama picha. Dada mkubwa, pikipiki kubwa. Na kule mbali, mwisho wa njia, mtu mdogo kama nzi, juu ya jiwe. Ni mimi! Mchoraji alikuwa ameshasikia habari. Nimechorwa! Nalala nikiwa na furaha kubwa.

Jumapili, 9 Agosti

Kurudi. Shemeji katangulia kwa lami. Mpwa kaniambia: Mjomba, leo kaa uso mbele, maana yale uliyoyaona nyuma wakati ule, sasa tutakutana nayo mbele. Maneno mengi. Nikamwambia kiongozi habadilishi kiti. Kaleta na mkanda. Nikamkumbusha kwamba mimi si mzigo.

Naandika haya nikiwa bondeni, juu ya jiwe. Jiwe zuri, lina kivuli. Nimeshuka kwa hiari, kulinda nyuma. Kiuno kinauma kwa sababu nyingine. Pikipiki naisikia ikinguruma kule juu kilimani, inazidi kwenda. Mtoto hageuki nyuma, mama yake mtupu!

Mchoraji angekuwepo hapa sasa, angeniona nilivyo mkubwa.