Mahari na Sahani Isiyoisha

Jumatatu, 10 Julai 1995

Leo nimeona maajabu! Naandika mkanda ukiwa umefunguliwa, na pumzi bado inakuja kwa shida.

Nyuma ya maghala ya pamba, karibu na kinu kipya cha watu binafsi, Mhindi mmoja anayeitwa Bwana Jayanti amefungua hoteli. Kwanza ilikuwa ya mafundi wa kinu peke yao. Sasa ruksa kwa kila mtu. Niliingia kunywa chai tu. Nikaletewa sahani ya chuma pana kama ungo, ndani yake vibakuli vinne. Dengu. Viazi na bilinganya. Maziwa mgando. Achari ya embe iliyonitoa machozi mbele za watu. Katikati wali, na juu yake chapati nyembamba iliyofura, inang'aa samli. Nikala kimya. Kwa kweli nilisahau kama nina shida duniani.

Nikamaliza. Akaja Bwana Jayanti mwenyewe na ndoo na upawa, akajaza tena! Nikasema sikuagiza. Akasema bei ni ileile. Nikamaliza. Akajaza. Mama alinifundisha kwamba chakula cha mwenyeji hakirudishwi, basi nikala. Akajaza! Nilikuwa natoka jasho la kwapa nilipomwona fundi wa meza ya pili akifunika sahani yake kwa kiganja, na Bwana Jayanti akampita. Kumbe ndiyo dawa! Nikafunika ya kwangu kwa mikono miwili.

Na bei yenyewe haifiki hata ya wali na maharage pale stendi. Tena nyama hakuna, hata kipande! Mimi, Januarius Machibya, Msukuma wa kuzaliwa, nimeshiba bila nyama na sikunung'unika. Nani ataniamini?

Jumanne, 11 Julai

Nimeamka bado nimeshiba. Na nimeamka na mpango.

Mzee Mahona wa Mwamapalala anataka ng'ombe ishirini kwa binti yake Justina. Ninao kumi na wawili, kwa kuhesabu na yule kilema, na ndio niliowataja kwenye posa. Tangu Chama cha Ushirika kinipunguze kazini, kwenye mizani ya pamba, nauza magunia matupu kwa hawa wanunuzi wapya wa pamba. Mnunuzi wangu mkubwa ni Marcelo. Marcelo ana pikipiki nyekundu. Marcelo hukung'uta kila gunia usoni pangu kabla ya kulichukua. Na Marcelo ametangaza mji mzima kwamba yeye thelathini atatoa bila kupepesa macho. Mzee asiponipunguzia kabla msimu wa pamba haujaisha, Justina atapanda pikipiki ile, na mimi nitabaki na vumbi lake.

Sasa, mkono mtupu haulambwi. Mtu aliyeshiba hana nguvu ya kubishana. Nitamkalisha Mzee mbele ya sahani isiyoisha, na siri ya kiganja sitamwambia. Akifika mahali ambapo hawezi hata kuinua mkono, nitawataja tena wale kumi na wawili. Atakubali ili apate kuegemea ukuta.

Nimemtuma dereva wa lori la pamba Mwamapalala na mwaliko. Nikamweleza na Justina, saa ya mapumziko, pale shuleni anapofundisha darasa la tatu. Akaniuliza kwa nini nisiwaachie washenga kazi yao. Nikamwambia biashara ya siku hizi haitaki washenga, inataka mikakati. Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyekuja bila daftari.

Alhamisi, 13 Julai

Dereva amerudi. Mzee atakuja kesho. Anasema alikuwa na nia ya kuja kuniona hata bila kuitwa. Njaa hiyo!

Nimekwenda hotelini kufanya mazoezi. Nikamkuta Marcelo! Alikuwa anadai nyama. Akaambiwa hapa nyama haipikwi kabisa. Akasema kwa sauti kwamba majani ni chakula cha mbuzi, akatoka, akapiga honi bila sababu. Nimefurahi sana. Nimekula sehemu yake.

Nikamvuta pembeni Bwana Jayanti nikamwomba kesho amjazie mgeni wangu hata akikataa. Akasema kwao mgeni ni kama Mungu aliyeingia mlangoni, hawezi kumwacha na njaa. Kisha akauliza mgeni ni nani. Nikasema ni mfugaji mkubwa, ana ng'ombe wanaojaza bonde. Akaweka mkono kifuani, macho yakamlegea. Akauliza kama mfugaji huyo anawapenda ng'ombe wake. Nikajibu kwamba anawajua kwa majina kuliko anavyowajua wajukuu. Nadhani alikuwa anapiga hesabu ya dengu zitakazohitajika.

Ijumaa, 14 Julai

Ee Mungu wangu.

Nilikaa mezani mapema, shati jeupe, viatu vimepakwa mafuta ya kupikia. Mzee Mahona akatokea na baiskeli yake. Na nyuma kwenye keria, amejifunga kitenge kipya, Mayu Milembe! Mkewe! Mama mkwe wangu! Nani alimwalika?

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kutafuna mbele ya mwenzako. Posa ikishapokelewa, mwiko huo umeanza, hata kama mahari bado. Sikufikiri. Niliruka benchi, nikapita kwenye pazia, nikaangukia jikoni.

Humo nikasahau nilichokimbia. Mke wa Bwana Jayanti, Mama Kokila, alikuwa anatupa chapati juu ya makaa matupu, inalala, halafu inafura yenyewe kama imepuliziwa roho! Akaipaka samli, akatupa nyingine. Hakutazama hata mara moja. Mikono yake ilijua. Nilisimama mdomo wazi. Akanipa beseni la vitunguu nimenye.

Nikasikia Mzee akimwamkia mwenye hoteli, mwangaluka, akauliza mwenyeji wake yuko wapi. Akaambiwa yuko jikoni anasaidia. Mzee akacheka. Akamwambia mkewe kwamba kijana ana adabu za kizamani. Vizuri! Upawa ukaanza kazi. Nilisikia wali ukishuka, dengu zikishuka, Mzee akishukuru, wabeja, wabeja, upawa ukirudi. Akauliza samli hii katengeneza nani, maana hajaionja ya namna hii tangu mama yake afariki. Kila kitu kinakwenda kama nilivyopanga!

Ndipo akauliza nyama iko wapi.

Nikasikia kiti kikivutwa. Bwana Jayanti alikaa mezani kwa wageni. Akasema, kwa Kiswahili chake cha Mwanza, kwamba kwao ng'ombe hachinjwi. Akasema anayekunyonyesha baada ya mama yako kukuachisha ziwa, huyo naye ni mama. Akasema kwao Bara Hindi ng'ombe akilala barabarani, basi linasimama na abiria wanangoja aamke mwenyewe. Kuna siku anaogeshwa, anavikwa maua shingoni, watu wanampigia magoti.

Nilichungulia kwenye tundu la pazia. Mzee Mahona, mtu ambaye ukame haujapata kumtoa chozi, alikuwa na machozi! Akauliza kwa sauti ndogo, "Watu hao wapo kweli?" Akamwomba arudie ile habari ya basi.

Na mimi nikavutwa, sikatai. Miaka yote tunaambiwa na mabwana mifugo tupunguze ng'ombe, tuuze ng'ombe, ng'ombe ni mzigo. Kumbe nchi nyingine basi linamngoja! Nilisimama na kitunguu mkononi, machozi yananitoka, na sijui ni ya kitunguu au ya nini.

Halafu nikakumbuka kilichonileta. Kutoka siwezi, Mayu yupo. Nikamwomba Mama Kokila akipeleka chapati amnong'oneze Mzee: kumi na wawili. Mama Kokila hajui Kiswahili kingi. Alitabasamu, akapika chapati kumi na mbili, akazipeleka.

Mzee aliondoka amemshika Bwana Jayanti mkono mpaka kwenye baiskeli. Hakuniuliza tena. Mahari hayakutajwa.

Jumatatu, 17 Julai

Justina alinisubiri nyuma ya darasa. Hakuwa anacheka.

Baba yake amepandisha. Ng'ombe ishirini na watano! Amesema hakuwa anajua thamani ya alicho nacho, sasa ameelimishwa. Amesema anayetaja kumi na wawili bado anamwona ng'ombe kama kitoweo. Na amesema siku ya harusi hachinjwi ng'ombe hata mmoja, watu watakula dengu. Wajomba zake wawili wameshasema hawaji.

Kisha akaniambia lililobaki. Wiki iliyopita Marcelo aliwapigia honi ng'ombe wa Mzee njiani, ndama akavunjika mguu. Mzee akamfukuza. Na ile Ijumaa, Mzee alikuwa amekuja mjini kuniambia kwamba anakubali. Kumi na wawili, kilema akiwemo. Mayu alikuja ili asikie kwa masikio yake.

Niliketi kwenye tofali. Nimeumia. Naandika hivyo bila mapambo, nimeumia. Ningetulia tu bila mpango siku ile ningekuwa mume wa mtu.

Justina akakaa pembeni yangu. Akasema anataka kuolewa na mimi, wala si na pikipiki wala ng'ombe. Akasema Mayu yuko upande wetu; anasimulia kijiji kizima jinsi nilivyoruka benchi kwa heshima. Mama na binti watamlainisha Mzee taratibu, na Jumapili atatoa neno la mwisho. Mimi nina kazi moja. Nisifanye chochote. Nisialike mtu, nisitume mtu, nisipange kitu. Nikaapa kwa rozari ya marehemu bibi.

Jumatano, 19 Julai

Sijafanya chochote. Ni kazi ngumu kuliko kubeba magunia.

Marcelo ananunua magunia kwa mtu mwingine siku hizi. Sikumfuata. Nimekwenda hotelini kula tu, maana kula si kufanya kitu. Leo kulikuwa na bamia. Sikujua kama bamia inaweza kuwa hivyo! Kavu, haivuti, ina harufu ya kitu ambacho sijui jina lake na sitaki kulijua, nisije nikaizoea. Nilifunika sahani kwa kuchelewa makusudi.

Bwana Jayanti akauliza habari za Mzee. Akasema katika miaka yote aliyokaa nchi hii hajakutana na mtu wa moyo kama ule. Nikamweleza yote. Alisikitika mpaka akaweka upawa chini. Akasema yote ni makosa yake, na kwamba usiku anawaota wale ng'ombe, angependa kuwaona kwa macho.

Nilirudi nyumbani polepole sana. Kichwa kilikuwa kinafanya kazi, mimi sikukituma.

Jumamosi, 22 Julai

Kiapo changu nimekishika. Sijamwalika mtu. Mtu ameomba mwenyewe, mimi nimeitikia, na kuitikia ni adabu.

Bwana Jayanti ameondoka asubuhi hii kwa pikapu yake kwenda Mwamapalala. Ni mshenga wangu! Amevaa nyeupe tupu, amebeba samli ya Mama Kokila na shada la maua la kumvika dume kubwa la Mzee. Nani mwingine mjini hapa Mzee atamsikiliza? Justina atapata habari kesho, ataona aibu kwa kutoniamini. Kijiji kizima kitatoka kuiona pikapu. Nimeisindikiza mpaka kona ya maghala, na kweli moyo wangu ulijaa.

Kabla hajatia moto nilimuuliza akifika atasema nini. Akasema hajui maneno mengi, atasema ukweli ulio moyoni mwake, kwamba ng'ombe hana bei.

Nikamwambia vizuri sana, aanzie hapohapo.