Wasifu wa Marehemu Mtarajiwa

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Hilo nalijua. Nisilolipenda ni kwamba Gervas, katibu wa jumuiya yetu ya Kikatoliki hapa ughaibuni, Beltsville, ndiye atakayesoma wasifu wangu mazishini. Balaa! Gervas humsifu maiti mpaka jeneza linaona haya. Boniface, dereva wa teksi wa Herndon aliyegombana na kila abiria, aliitwa "nahodha wa amani". Nakiri, kwa kuwa sina muda wa kudanganya: mimi nilipofundisha watu walisinzia, yeye akisoma watu hulia. Lakini sikubali kuzikwa kwenye sukari.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nimepakwa majivu, nikapata wazo. Maisha yangu yote, tangu nilipomaliza masomo Leipzig, nimefundisha parodia katika riwaya za kisasa za Kijerumani. Unamwiga mwenye majivuno, unazidisha kidogo, anaanguka mwenyewe. Basi nitaandika wasifu wangu kwa mtindo wa Gervas na kuusoma mbele yake. Watu watacheka. Ataaibika. Nimeanza: "Silvanus hakuzaliwa, alichomoza. Hata theluji ya Leipzig ilimvulia kofia." Nimecheka mpaka mpira wa oksijeni ukatoka. Binti yangu Rosemary, nesi, akaurudisha puani.

Jumamosi, 8 Machi

Jumuiya imekuja kumwombea mgonjwa. Baada ya rozari nikaomba kusoma. Mama mmoja akanong'ona kwamba wasifu wa mtu aliye hai ni uchuro. Nikasoma. Kwenye theluji nikatua, nikisubiri kicheko. Hakikuja. Halafu kwikwi. Gervas! Analia! Akanishika mkono.

"Kaka, umeniweza. Nitausoma hivi hivi, sibadilishi nukta."

Kisha akaomba nimwandikie na wa kwake.

Wageni walipoondoka, Rosemary akakusanya vikombe. Akafika mlangoni, akageuka.

"Baba, theluji imo. Mimi simo."

Jumapili, 9 Machi

Nimefungua tasnifu yangu ya ujanani. Niliandika wazi: msomaji asipotambua dhihaka, parodia hugeuka sifa. Nilikuwa sahihi! Nimefurahi asubuhi nzima.

Rosemary anataka sentensi moja tu, ya kawaida, kwamba alinitunza. Ana haki. Nimemwahidi.

Tatizo la jana nimeligundua: chumvi ilikuwa kidogo. Nimeongeza malaika wawili na tarumbeta. Na sentensi ya Rosemary imekaa vizuri sana: "Rosemary hakuzaliwa, naye alichomoza."

Safari hii watacheka.