Jinsi Doña Eufronia Alivyoila Salteña Asimwage Hata Tone

Zimeni redio, enyi watu wa mtaa wa Jaihuayco, na nanyi wa mbali msiojua Jaihuayco iko upande gani wa dunia. Wekeni vikombe chini, mfukuzeni mbwa uani, mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Nataka kusimulia vita. Nimetembea nchi nyingi kwa miguu hii, nimesoma darasa moja hapa na nusu darasa kule, wala sikupata mwalimu wa kunifunza kunena kwa madaha. Lakini jambo hili nililiona kwa macho yangu, na mkono ulioshika simu ulikuwa huu. Ewe Mola uliyeumba ngano na ng'ombe, nawe moto wa tanuri uamkao kabla ya jogoo, nitieni nguvu za ulimi nimsifu Doña Eufronia Villarroel, muuza vifungo, jabali la soko la Cancha, mwenye vidole visivyotetemeka, siku aliyokabiliana na salteña moja peke yake, uso kwa uso.

Msicheke. Anayecheka ni yule ambaye haijamwagikia bado. Sambusa ni raia mwema, unaweza kuila ukiwa umevaa nguo za sikukuu na ukaenda zako. Salteña si hivyo. Kwa nje ni andazi la manjano, mshono wake umesukwa juu kama nywele za bi harusi. Kwa ndani ni ziwa. Nyama, kiazi, njegere, kipande cha yai, zeituni moja nyeusi na kokwa yake, vyote vinaogelea katika mchuzi wa moto uliozuiwa na ukuta mwembamba. Kwetu Cochabamba, mji wa Bolivia, huliwa asubuhi, kwa mkono, ikiwa wima, na sheria ni moja: amwagaye hulipia meza nzima. Nimeona mahakimu wakilipa. Nimemwona padri akilipa, na maneno aliyoyasema siyarudii hapa.

Basi Doña Eufronia alikuwa na rafiki, jina lake Lindaura Mercado. Walikuwa makomadre, yaani mmoja alimshika mtoto wa mwenzake kwenye maji ya ubatizo, na kwetu undugu huo hauvunjwi hata kwa shoka. Lindaura alikwenda Italia, mji wa Bergamo, kumtunza bibi mmoja mzee aitwaye Ornella, na huko akakaa. Kila siku, kukiwa asubuhi huku na jioni kule, walichati kwa simu ya video, Eufronia akiwa kibandani kwake katikati ya vifungo na zipu, mwenzake akiwa jikoni kwa watu.

Hawakusalimiana kwa hujambo. Salamu yao ilikuwa moja.

"Umekula nini?"

"Uji wa mahindi."

"Tena?"

"Wanauita polenta, komadre. Ni lawa yetu ileile, ila imekufa ikakauka. Na wewe?"

"Supu ya karanga."

"Usinitukane."

"Na viazi vya kukaanga juu, mpaka supu yenyewe haionekani."

"Nakata simu."

Hakukata. Hakukata hata siku moja. Waliongea juu ya magoti yao, juu ya jirani aliyepaka ukuta rangi ya ini, juu ya mabasi ya Bergamo yanayokuja kwa saa kama yanadaiwa. Lakini juu ya jambo moja Lindaura hakuongea. Mama yake alifariki yeye akiwa kule, karatasi zake hazijakamilika, akashindwa kuja kuzika. Tangu hapo karatasi zilikamilika, na kila Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, Mama wa Urkupiña wa kwetu, ikikaribia, kukawa na sababu ya kutokuja. Doña Eufronia aliijua sababu ya kweli: komadre wake aliona haya kuikanyaga ardhi ambamo hakufika kumfukia mama yake. Naye hofu yake, aliyoniambia siku moja huku akichambua vifungo, ilikuwa hii: "Don Ubaldo, huyu atazeekea ndani ya simu. Siku moja nitampigia, simu itaita tu."

Hapo ndipo vita vilipoanzia.

"Agosti hii unakuja?" Eufronia aliuliza, mwezi wa tano.

"Mguu wa Bibi Ornella, komadre."

"Mwaka jana alikuwa paka wake."

"Paka aliumwa kweli!"

"Paka yule ameugua kuliko hospitali nzima."

Lindaura, alipoona mgongo wake umegota ukutani, akafanya wafanyavyo majemedari wote wakizingirwa: akashambulia.

"Nije nifanye nini? Nikutazame unavyooga mchuzi? Tangu nikujue hujawahi kula salteña ukatoka mkavu, mwanamke wewe! Siku utakayoila moja mpaka mwisho bila kumwaga tone, mbele ya macho yangu, naapa kwa Mama wa Urkupiña nakata tiketi siku hiyohiyo!"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, maana alikuwa amesikia alichokisema. Mama wa Urkupiña haapiwi kwa mzaha. Hata wezi wa Cancha, wanaoapa kwa watakatifu wote tangu asubuhi, yeye wanamruka.

"Umesema nini?" Eufronia akauliza polepole.

"Nilikuwa natania."

"Umemtaja Mama."

"Eufronia..."

"Umemtaja, na Don Ubaldo amesikia. Don Ubaldo, umesikia?"

Nilikuwa juu ya ngazi nikimfungia balbu. "Nimesikia," nikasema.

Hatimaye Lindaura akainua kidevu, akatangaza masharti, na yalikuwa makali kama ya mfalme anayelinda lango la mwisho. Blauzi iwe nyeupe. Sahani marufuku. Kijiko marufuku, maana kijiko ni cha wagonjwa. Karatasi ya kujifutia isionekane. Llajua, ile nyanya na pilipili ya kusaga kwa jiwe, itiwe baada ya kila tonge, kwa sababu kula bila llajua ni kama kuogelea mchangani. Na salteña yenyewe itoke kwa Doña Prudencia, ambaye hushindilia mchuzi kana kwamba ana ugomvi na wafua nguo.

"Kesho," akasema Eufronia.

"Kesho?"

"Kesho. Mlishe bibi wako mapema."

Kulipokucha, akatoka Doña Eufronia katika blauzi nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na mimi nyuma yake na simu, kama mbeba ngao. Tulipita mtaa wa washona viatu, tukapita kwa muuza mbwa, na kila aliyetuona alijua, kwa kuwa Jaihuayco siri huvuja haraka kuliko mchuzi. Kwa Doña Prudencia palikuwa na foleni. Foleni ikapasuka katikati tukapita.

Doña Prudencia alisimama mbele ya tanuri lake, mikono kiunoni, akanena kwa sauti ya kusikiwa barabarani.

"Mama Eufronia, mimi ni mtu wa haki. Ninayo moja iliyotoka mapema, mchuzi wake umetulia, hata mtoto anaila. Ninayo na nyingine iliyotoka sasa hivi, imejaa mpaka kooni, bado inaongea ndani. Chagua mbele ya watu."

"Nipe inayoongea," akasema Doña Eufronia.

"Uuuwi!" foleni ikaguna. Dereva mmoja wa teksi, Grover Choque, aliyekuwa na salteña yake mdomoni, akasema, "Mama huyu leo atalowa kama siku ya Kanivali, watu wanapomwagiana maji."

"Wewe kula chako, mtoto wa watu," Doña Eufronia akamjibu.

Nikapiga simu. Akatokea Lindaura, shali mabegani, nyuma yake Bibi Ornella kwenye kiti, naye amevaa miwani kwa heshima ya tukio. Lindaura akatazama blauzi, akatazama mikono. "Anza," akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Akaishika wima kwa vidole vitatu. Akaing'ata pembe ya juu, tundu dogo lisilozidi kifungo cha shati, na mvuke ukatoka kama moshi wa mzinga. Hakurudi nyuma. Akaweka midomo pale akanyonya, taratibu, kama jeshi linalohamisha maji ya adui usiku kabla hajaamka. Foleni ilikuwa haipumui. Akatia llajua. Ziwa likapanda. Akang'ata tena, akanyonya tena, akatia tena, na kila alipotia llajua mchuzi ulifika ukingoni ukatetemeka pale, ukichungulia blauzi.

Na hapo hapo, ziwa likiwa limejaa pomoni, picha ikaganda.

Lindaura akabaki mdomo wazi, jicho moja limefumba. "Mtandao!" nikapiga kelele. "Usile! Haoni! Ukila hajaona haihesabiki!"

Enyi wasikilizaji, mashujaa wa zamani walishika mapanga mazito. Sijasikia aliyeshika salteña inayochemka bila kusogea huku akingoja mtandao. Mchuzi ulikuwa sawasawa na ukingo. Kidole gumba chake kikawa chekundu, kisha kikawa rangi ambayo sitaki kuitaja. Chozi likamtoka.

"Weka chini, mama, utaungua!" Doña Prudencia akalia.

"Nikiiweka chini," Doña Eufronia akasema kwa meno, midomo haichezi, "ataniambia paka anaumwa."

Nikapanda juu ya benchi na simu. Nikapanda juu ya kreti la soda juu ya benchi. Nilikuwa nimeinua mkono kama mtu anayeomba mvua, ndipo sauti ikarudi vipandevipande: "...ronia? ...ronia, upo?"

"Nipo!" akasema, akainamia salteña yake, akanywa.

Kilichofuata kilikuwa kifupi na cha kutisha. Akakutana na zeituni. Akaitafuna, kokwa akaifungia shavuni kama mfungwa wa vita, bila kupoteza hatua. Akapita kwenye kiazi, akapita kwenye yai. Kisha adui, alipoona anashindwa mbele, akafungua mlango wa nyuma: chini kabisa ukuta ukalainika, ufa ukatokea, na tone nono la rangi ya kutu likaanza kuning'inia. Watu wakafumba macho. Yeye akainua salteña juu ya uso wake, kichwa nyuma kama ndege anywaye maji, akaupokea ule ufa kwa ulimi. Kisha akaingiza kipande chote kilichobaki, mara moja, mashavu yakamjaa, akafunga mdomo. Akatafuna. Akameza. Akatoa kokwa kwa vidole viwili akaionyesha simu.

Hakuna aliyeshangilia. Kulikuwa na ukaguzi.

"Geuka," Lindaura akaamuru. Akageuka. "Mkono wa kulia. Wa kushoto. Kidevu. Sasa sakafu." Nikaelekeza simu sakafuni, sakafu ilikuwa kavu. "Rudi kwenye blauzi." Nikarudi.

"Naona tone."

"Wapi?"

"Begani. Jekundu. Lipo, komadre."

Doña Eufronia akajitazama bega. Hakuona kitu, lakini uso ulimwanguka, maana jaji ni jaji. Na mimi nilimtazama Lindaura kwenye kile kioo kidogo. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika kituoni basi likiwa linaondoka.

"Angalia vizuri," Lindaura akasema, na sasa alikuwa kama anaomba. "Don Ubaldo, sogea, angalia vizuri."

Nikasogeza simu kulia. Tone likahama kutoka begani kwenda shingoni. Nikaisogeza zaidi, tone likapanda ukutani, likakaa juu ya picha ya Moyo Mtakatifu. Nikaigeuza simu. Pale kwenye jicho lake la kamera, tone la mchuzi wenye llajua. Na nyuma ya bega langu, Grover Choque, dereva, amenyoosha shingo aone vizuri, salteña yake imeinama kama jahazi linalozama, mchuzi unamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Aa," akasema Grover. "Hilo ni langu."

"Meza nzima!" Doña Prudencia akanguruma. "Foleni nzima!"

Ndipo kelele zikapaa, wakapiga masufuria, washona viatu wakatoka na nyundo zao, na Bibi Ornella kule Bergamo, asiyejua neno la lugha yetu, akapiga makofi juu ya mapaja. Nikaipangusa kamera kwa kofia yangu. Blauzi ilionekana kule Italia nyeupe kama theluji ya mlima Tunari.

Lindaura alishika mdomo kwa shali.

"Umemtaja Mama," Eufronia akamwambia, safari hii kwa upole.

"Nilimtaja."

"Basi."

"Agosti bado kuna baridi asubuhi huko?"

"Kidogo. Lete sweta."

"Nitashukia wapi, komadre? Sijui hata nitashukia wapi."

"Utashukia kwangu. Kaburini tutakwenda pamoja, siku utakayotaka wewe, na usipotaka siku ya kwanza tutakunywa supu ya karanga."

"Niwaletee nini?"

"Jibini. Ule uji uache hukohuko."

Lindaura akacheka huku pua inamtoka maji, na kabla bando halijaisha tulimwona akivuta droo kutafuta pasipoti, akimwambia Bibi Ornella maneno ya Kitaliano kwa haraka, na bibi akiitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, nenda.

Doña Eufronia alitumbukiza kidole gumba kwenye glasi ya maji baridi, akakaa kwenye benchi kama malkia kwenye kiti cha enzi, akatulia. Doña Prudencia akachukua chaki, akaandika ubaoni, juu ya neno "zimekwisha": Hapa alikula Eufronia Villarroel, hakumwaga. Kufikia saa sita habari ilikuwa imevuka mto Rocha, na waliokuwa wakiisimulia walisema salteña zilikuwa tatu, na kwamba alizila amefumba macho. Uongo. Mimi ndiye niliyeshika simu, nami nasema ilikuwa moja, na ndiyo iliyomrudisha mtu nyumbani.