Likizo Yangu Kitini kwa Wakwe

Jumanne, 8 Julai 1986
Tumefika kwa wakwe, kilimani huku Isingiro. Vumbi hadi kwenye meno. Lakini ziwa! Liko pale chini, na milima ya Rwanda nyuma yake. Mke wangu Placidia amenishika mkono akasema kesho atanionyesha ufuko ambako baba yake alimfundisha kupiga kasia. Huu mwaka wa sita wa ndoa ananisimulia ufuko huo. Tangu Bukoba hakuwa na habari nyingine.

Alitaka tulale nyumba ya wageni ya misheni. Nikakataa. Tulale huko wakati wakwe wana nyumba na kuku? Pesa ya malazi nimeshanunulia viatu. Ni kweli, mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso, hiyo desturi naijua. Lakini nyumba ina milango miwili. Ni akili kidogo tu.

Jumatano, 9 Julai
Nimeshinda kitini. Mlango wa nyuma ni wa jikoni, himaya ya mama mkwe. Mlango wa mbele unatokea uani, na uani mama mkwe anaanika kahawa mpaka jua lizame. Njia ya ziwani inapita katikati ya mikeka yake. Nikikohoa tu, anajifunika kanga na kukimbilia migombani. Shikamoo yangu mzee Kashaija, baba mkwe, ndiye anayempelekea, na marahaba anairudisha yeye. Nikitaka kwenda chooni mzee anapiga mluzi ili njia iwe wazi.

Nikaomba angalau kiti kisogezwe dirishani nilione ziwa. Mzee akasema mkwe ni mgeni wa heshima, akafunga dirisha nisipigwe na upepo. Placidia alisubiri hadi jioni, kisha akavua viatu vyake vya kutembelea.

Alhamisi, 10 Julai
Projest amefika! Huyu ni mwanyumba wangu, kamuoa Kokwijuka, dada yake Placidia. Yeye amefikia misheni, kwa hiyo anatembea anapotaka. Kasimama barabarani na kamera yake shingoni, akaniuliza kupitia kwa mzee kama kiti ni laini. Kisha akasema anawapeleka wanawake Mtagata wakaoge maji ya moto ya chemchemi.

Placidia alisita mlangoni. Nikamwambia aende, mimi si mume wa kubana watu. Nilitaka akatae. Nimeletewa ndizi na kuku mzima, nikala peke yangu bila hamu.

Ijumaa, 11 Julai
Nilikuwa na mpango. Niamke kabla ya jogoo, nipenye migombani, nishuke ziwani, kisha Placidia aambiwe kwamba namngoja kulekule ufukoni. Projest angesema nini!

Katikati ya migomba nikakutana na mama mkwe, ndoo ya maji kichwani. Njia nyembamba. Huku migomba, huku mtaro. Tukaduwaa wote wawili. Halafu akafanya ambavyo mwanamke mwenye heshima zake angefanya. Akaruka mtaroni, yeye na ndoo yake.

Kumnyanyua siwezi, ni mama mkwe. Nikaupa mtaro mgongo nikaita watu. Yeye kule chini alikuwa akimwomba Mungu, kwa sauti ya kunifikia, amwondoe mtu fulani hapo njiani. Mguu wake umevimba vibaya.

Jumamosi, 12 Julai
Wazee wamekaa. Nitaleta mbuzi. Wameniambia kwa upole mno, na upole wao umeniuma kuliko mbuzi mwenyewe. Placidia ameshinda akimkanda mama yake mguu. Kesho ni hivyohivyo, na Jumatatu tunaondoka.

Nilidhani atanigombeza. Alikuja jioni, mikono inanuka dawa, akakaa kitandani. Akasema: "Nilitaka tu uione ile sehemu, tukiwa wawili. Basi."

Akalala ameelekea ukutani. Nimejuta. Naandika wazi bila kujitetea, nimejuta sana.

Jumatatu, 14 Julai
Tumeondoka kwa lori la kahawa. Ziwa halikuonekana, moshi wa nyasi zinazochomwa umejaa bondeni. Placidia aligeuka kutazama hata hivyo, akatazama mpaka kilima kikapita. Kikapu cha ndizi alikiweka katikati yetu, na hadi Bukoba hakukiondoa.

Njia nzima nimetafuta kosa lilikuwa wapi. Nimelipata: ile nyumba iko mbali na maji. Sasa, Placidia ana mama mdogo, amefuatana na mama mkwe tumbo moja, naye anakaa ufukoni kabisa. Ana chumba cha wageni. Huyo si mama mkwe, ni mama mdogo tu. Nimeshampa dereva salamu ampelekee, kwamba Desemba tunafikia kwake wiki mbili. Placidia bado sijamwambia. Atafurahi sana.