Najiuzulu Kuwa Ushahidi wa Mkwe Wangu

Phelista Nekesa,
Mtaa wa Matisi,
Kitale.

Kwa Mhariri wa kitabu kiitwacho *Sheria na Watu Wake: Kutoka Baraza la Wazee hadi Mahakamani*

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, tena umeketi, maana nina mengi. Mimi ni mama mkwe wa Daktari Wabwile wa Bungoma, mwanahistoria wa sheria, aliyemwoa binti yangu Phanice. Kitabu chake mmekichapisha vizuri na jalada linang'aa. Shida imo ndani.

Mkwe wangu anaeleza humo jinsi sheria inavyobadilika kadiri watu wanavyobadilika. Zamani ng'ombe akila shamba la jirani, wazee walikaa, pombe ikanywewa, mambo yakaisha. Leo kuna wakili. Sina ugomvi na hayo. Lakini katika ukurasa wa mia mbili na kumi anadai kwamba sheria moja ya kabila letu la Wabukusu imekataa katakata kubadilika: ile ya mama mkwe na mkwe wa kiume kuepukana, wasisalimiane kwa mkono, wasikae chumba kimoja, wasilale nyumba moja. Na ushahidi wake ni mimi. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Sikuulizwa. Ameandika kwamba tangu harusi sijawahi kumkaribisha sebuleni, "kwa kuitii mila bila kuitaja." Ndugu Mhariri, sebule ilikuwa imejaa mahindi. Huku kwetu mvua ikitishia mavuno, magunia hulala ndani na wageni hukaa nje. Daktari naye huja wakati wa mavuno tu, kwa sababu ndipo anapochukua gunia lake. Nikampa kiti chini ya mparachichi na chai ya maziwa, yeye akatoa kalamu. Ameandika pia kwamba tulipokutana sokoni Bungoma nilifunika uso kwa leso. Nilikuwa nimetoka kung'olewa jino.

Mama yangu aliishika sheria hiyo kweli. Aliwahi kujificha kwenye migomba mpaka mkwe wake apite. Mimi niliiacha zamani na hakuna aliyeniuliza. Miaka yote hii nilidhani Wabwile hanisogelei kwa sababu ya kiburi cha kusoma, na iliniuma sana. Kumbe alikuwa ananitafiti.

2. Mtaa umeharibika. Kitabu kilisomwa katika kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, nilikokipeleka mwenyewe kwa majivuno. Sasa jirani yangu Gichuki, ambaye ng'ombe wake amemaliza sukuma wiki yangu yote, ananisomea sura ya pili, ile ya ng'ombe na wazee, na kudai tungojee wazee wakae. Wazee wenyewe wamekubali, mradi pombe itoke kwangu.

3. Hili ndilo lililonikalisha niandike. Phanice, mtoto wangu wa pekee, yuko karibu kujifungua mzaliwa wake wa kwanza. Nilishafunga vitu: unga wa wimbi wa uji, shuka kuukuu za kukata nepi, kuku wawili walio hai. Kikundi kilikuwa kinisindikize Bungoma kwa nyimbo. Mwenyekiti wetu, Chepngeno, ambaye hata si Mbukusu, akanisimamisha: "Mama Phanice, si sheria iko kwa kitabu bana! Utalala kwa nyumba ya mkwe aje?" Kikundi kikapiga kura, nikashindwa.

Nilimpigia Phanice aongee na mumewe. Akanijibu akilia: "Mama, ati anasema wenzake wa chuo wakisikia umelala hapa, kitabu kimeisha." Nikajitolea kulala jikoni, ambako ni nje, nikipokezwa mtoto kupitia dirishani. Daktari akasema wazo hilo linavutia, akaomba ruhusa ya kuliandika.

4. Katika sura ya kwanza mkwe wangu anasema, nami nimepiga mstari, kwamba sheria huishi pale tu watu wanapoendelea kuitii. Vizuri. Kwa hesabu yake, sheria hii ya kuepukana inashikiliwa na watu wawili, mimi na yeye. Basi kuanzia leo mimi najiuzulu. Amebaki yeye peke yake, na mtu mmoja hawezi kuepukana.

Kwa hiyo naomba vitabu vyote virudishwe na ukurasa huo ung'olewe. Kama ni gharama, bandikeni karatasi juu yake iseme: "Ilikuwa ni mahindi." Kama hata hilo haliwezekani, basi ofisi yenu itume mhariri mmoja Bungoma akapike uji, akafue nepi, akamkande binti yangu kwa maji moto, na akajue kumbeba mtoto bila kuiacha shingo ining'inie. Awe mtu mwenye mikono laini. Kuku nitawatoa mimi.

Nisalimie wapiga chapa, wauzaji, dereva wa gari la vitabu, na yule aliyechagua rangi ya jalada. Gichuki na ng'ombe wake pia wanawasalimu, japo hawastahili.

Wako mtiifu katika sheria zote isipokuwa hiyo moja,
Mama Phanice.

N.B. Barua hii ilichelewa kwenda posta, na mambo yamegeuka. Phanice amejifungua salama, msichana, anaitwa Joy. Aliporuhusiwa kutoka hospitali alikataa kurudi kwa Daktari. Akasema kama mama haruhusiwi kuja kwake, hakuna sheria inayomzuia yeye kwenda kwa mama. Wako hapa kwangu. Joy amelala mapajani ninapoandika, ana masikio ya marehemu mume wangu.

Sasa hivi Wabwile amefika langoni kuwachukua. Analia kwa sauti kwamba amefanya utafiti upya, sheria ile ilikufa zamani, tafadhali nimfungulie. Sebule haina gunia hata moja msimu huu, lakini yeye hajui. Nimemfungulia lango tu, nikamtolea kiti chini ya mparachichi na chai ya maziwa, na Chepngeno anamsomea ukurasa wa mia mbili na kumi kutoka upande wa pili wa ua.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba msiguse hata nukta ya ukurasa huo. Mkwe wangu ni msomi mkubwa.